Kwa nini meli ya Salem haikuvuka kwenda Bagamoyo: kisa cha forodha ya Unguja, 1833–1890

Pembe ya ndovu iliyonunuliwa Unyanyembe, pale ilipo Tabora ya leo, ilifika pwani begani mwa mpagazi. Katika miaka ya 1850 mwendo huo ulichukua miezi mitatu hivi, na kila msafara ulipopita katika nchi ya mtemi ulilipa hongo. (Neno hilo wakati ule halikuwa na aibu iliyo nayo leo. Hongo ilikuwa ushuru wa njia, ikilipwa kwa nguo na shanga mbele za watu.) Bagamoyo pembe ilipakiwa jahazini, ikavushwa hadi Unguja, ikateremshwa forodhani, ikapimwa kwa frasila, yaani kilo 16 hivi kila moja, kisha ikatozwa ushuru. Hapo ndipo mfanyabiashara kutoka Salem, bandari ya Massachusetts, alipoipata.

Sasa tazama ramani. Kutoka Unguja hadi Bagamoyo ni kilomita 40 na ushei. Meli iliyotoka Atlantiki na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema haikushindwa na mkono huo wa bahari. Na ng'ambo ya pili pembe ilikuwa rahisi zaidi, maana ilikuwa haijalipiwa ushuru wala haijapita katika mikono ya matajiri wa mjini. Mbona Mmarekani hakuvuka?

Shuleni tulifundishwa kuieleza biashara ya pwani kwa upepo: kaskazi ikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikiyarudisha. Ni kweli, na kwa karne nyingi maelezo hayo yalitosha. Lakini upepo haukumzuia mtu wa Salem. Aliyemzuia ni mtawala, kwa mikataba na kwa mapatano ya kukodisha forodha. Nimeandika uchambuzi huu kwa sababu naamini Unguja ya karne ya 19, ile tunayoisifu kwa milango yake ya nakshi, ilijengwa kwanza kwenye karatasi, na gharama ya karatasi zile iliwaangukia watu ambao hawakuwapo zilipotiwa sahihi.

Vifungu tisa vya Maskati

Edmund Roberts alikuwa mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire. Alifika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1820, akachukizwa na jinsi mgeni alivyobanwa kufanya biashara kupitia watu wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, na kulipa tozo juu ya tozo. Alizungumza na Seyyid mwenyewe, kisha akarudi kwao kuibembeleza serikali yake itafute mkataba. Alirejea akiwa mjumbe wa Rais Andrew Jackson, ndani ya manowari Peacock, na tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ukatiwa sahihi Maskati.

Seyyid Said naye alikuwa na haja zake. Wamazrui wa Mombasa walikuwa hawajamtii, na hawakumtii mpaka 1837. Alihitaji silaha, na alihitaji marafiki wenye meli. Haja hiyo inaonekana wazi ndani ya kifungu cha pili. Kinawaruhusu Wamarekani kuuza na kununua kwa mtu yeyote anayetaka, na kinamkataza sultani na maofisa wake kuwapangia bei. Halafu linakuja sharti moja: bunduki, baruti na risasi zisiuzwe Unguja kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa serikali. Uhuru wote ni wa nguo na pembe. Baruti ni ya mwenye nchi.

Moyo wa mkataba uko katika kifungu cha tatu. Meli ya Marekani italipa ushuru usiozidi asilimia 5 ya thamani ya shehena iliyoteremshwa, na malipo hayo yanafunga kila kitu: ushuru wa kuingiza na wa kutoa, ada ya nanga, leseni ya biashara, na mengineyo ya namna hiyo. Shehena isiyouzwa ikibaki melini, haitozwi kitu.

Mtu asiyefanya biashara anaweza kudhani jambo kubwa hapa ni udogo wa ushuru. Mimi naona jambo kubwa ni uhakika wake. Tajiri wa Salem aliyepakia bidhaa za dola 20,000 sasa alijua, kabla ya tanga kupandishwa, kwamba forodha ya Unguja haitamchukulia zaidi ya dola 1,000. Hapo awali hakuweza kupiga hesabu hiyo. Alifika, akatoa zawadi, akasubiri kuambiwa. Ndiyo maana baada ya 1833 meli za Salem zilizidi kufika, na marobota ya nguo nyeupe ya pamba yakaenea mpaka ndani kabisa ya bara, hata nguo yenyewe ikaitwa merikani, jina lililobaki kinywani mwetu meli hizo zilipokwisha kusahaulika.

Kuna kifungu kingine ambacho hakina uzito katika hoja yangu, ila sipendi kukiruka. Cha tano kinahusu mabaharia waliovunjikiwa na meli. Kinasema watatunzwa kwa gharama ya sultani, kwa kuwa yeye hawezi kukubali malipo kwa kumsaidia mtu aliyefikwa na msiba. Katikati ya lugha ya asilimia na nanga, mtu anakutana na adabu ya mwenyeji.

Lakini mkataba huo ulimfunga Seyyid mikono. Waingereza walipata masharti ya namna hiyo mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Kwa hiyo mataifa yenye mizinga yalikuwa yameondoka katika orodha ya watu ambao sultani angeweza kuwaongezea ushuru. Asingeweza kuwatoza kwa kutoa pembe bandarini mwake, kwa kuwa ile asilimia 5 ilikwisha kufunga hesabu ya kuingia na kutoka. Pesa ya kuendesha dola itoke wapi? Itoke upande wa pili wa mizani: kwa bidhaa za bara, zilizoletwa na raia wake mwenyewe. Ushuru wa huko haukuwa na kikomo kilichoandikwa popote. Ulipangwa kwa kila frasila, na ulitofautiana kwa kutazama pembe imetoka wapi na imepita bandari gani. Ile ya Unyamwezi iliyoshukia Mrima, yaani pwani ya bara inayoikabili Unguja, iliyokuwa nyingi na nzuri, ndiyo iliyobebeshwa mzigo mzito kuliko zote.

Kifungu cha kumi

Mpango huo ungevuja kama mgeni angeweza kwenda kununua Bagamoyo mwenyewe. Mkataba wa Marekani ulikuwa na pengo hapo. Haukutaja sehemu yoyote ya pwani iliyofungwa. Katika mkataba wa Uingereza wa 1839 pengo lilizibwa. Kifungu cha kumi kinahifadhi biashara ya pembe na sandarusi kwenye pwani ya bara kuanzia Mtangata, kusini kidogo ya Tanga, hadi Kilwa. Mwingereza asinunue bidhaa hizo mbili huko. Anunue Unguja.

Ukiusoma mpaka huo juu ya ramani utaona ulivyopimwa. Ndani yake zimo Pangani, Saadani, Bagamoyo, Mbwamaji: milango yote ambayo misafara ya kati ilitokea. Sandarusi yenyewe ilichimbwa hapo hapo Mrima, utomvu wa kale uliofukiwa mchangani, na Ulaya na Marekani waliutaka kwa ajili ya vanishi. Mchimbaji wa sandarusi alikuwa na bidhaa inayogombaniwa na mataifa matatu, na kwa mstari mmoja wa maandishi akabakiwa na mnunuzi wa aina moja tu: raia wa sultani.

Hili ndilo linaloniuma katika kisa hiki, na ninaona halisemwi vya kutosha. Tunapoisimulia historia ya Unguja tunapenda kusema kwamba zumari likipigwa Unguja huchezwa mpaka kwenye maziwa makuu. Majumbe na madiwani, wakuu wa miji ya Mrima, hawakucheza kwa kupenda zumari. Walikuwa na ada zao za zamani juu ya misafara, walikuwa na mapatano yao na Wanyamwezi, na wangeweza kupokea meli kwenye fukwe zao. Kifungu kile kiliwageuza kuwa wapokezi wa njiani. Wengi wao walibaki na mafungu yao ya ada, na sultani alikuwa mwangalifu kutowanyang'anya yote, kwa kuwa askari wake wa Kibaluchi katika bandari hizo walikuwa wachache. Kusema kweli utawala wake Mrima haukuwa na ofisi kubwa kuliko karani wa forodha na daftari lake. Lakini daftari lilitosha.

Forodha inakodishwa

Karani huyo hakuwa mtumishi wa sultani. Hapa tunafika kwenye karatasi ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoendesha zote.

Seyyid Said hakukusanya ushuru mwenyewe. Aliikodisha forodha. Tajiri mmoja alikubali kumlipa kiasi kilichopangwa kila mwaka, kwa muda wa miaka kadhaa, kisha ushuru wote ukawa wake: akipata zaidi ni faida yake, akipata pungufu ni hasara yake. Tangu katikati ya miaka ya 1830, kwa sehemu kubwa ya miongo iliyofuata, mkodi huyo alikuwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Banyani wa Kibhatia ambaye asili ya nyumba yake ni Mundra, Kutch. Katikati ya miaka ya 1860 kodi yake ilikuwa imefika dola 310,000 za Maria Theresa kwa mwaka, zile reale nzito za fedha zilizokuwa sarafu ya pwani nzima.

Ubaya wa kuihukumu desturi hii kwa macho ya leo ni kwamba tunaona rushwa pale ambapo wao waliona busara. Sultani alipata pesa iliyojulikana kiasi chake, bila kuajiri makarani katika kila bandari kutoka Lamu hadi Kilwa. Jairam alikuwa tayari na mawakala katika bandari hizo. Na alikuwa na kitu ambacho sultani hakuwa nacho: mkopo. Nyumba za Kihindi ndizo zilizowapa viongozi wa misafara merikani, shanga na waya wa shaba bila fedha mkononi, walipwe kwa pembe baada ya mwaka mmoja au miwili. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alipata mali yake ya safari kwa mkopo wa Taria Topan, tajiri wa Kiismaili ambaye baadaye naye alikuja kuikodi forodha. Ukimkabidhi mtu mmoja ushuru, mkopo na mizani, umempa biashara.

Tazama jinsi uhuru wa kifungu cha pili cha Maskati ulivyokwisha kimya kimya. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem alifika Unguja akiwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Kwa kifungu cha tisa cha mkataba, balozi alikuwa ndiye mwamuzi wa pekee wa kesi za Wamarekani wao kwa wao. Papo hapo Waters alikuwa mfanyabiashara, wakala wa matajiri wa Salem. Akapatana na Jairam. Shehena ya Marekani ikafika kwa Waters, Waters akampelekea Jairam, Jairam akamkusanyia pembe na sandarusi. Mmarekani mwingine aliyeteremka na bidhaa zake alikuta wanunuzi hawako tayari, kwa sababu hakuna muuza duka aliyetaka kumuudhi mwenye forodha, ambaye pengine ndiye aliyekuwa anamdai. Wamarekani walioachwa nje walilalamika, Waingereza nao wakalalamika. Lakini walalamike juu ya kifungu kipi? Sultani hakupanga bei. Maofisa wake hawakumkataza mtu. Mkataba haukuvunjwa hata herufi moja.

Hili ndilo jibu la swali langu la mwanzo. Mmarekani hakuhitaji kuzuiwa kwa manowari asivuke kwenda Bagamoyo. Karani wa forodha Bagamoyo alikuwa mtu wa Jairam, madiwani walikuwa na fungu lao, aliyeleta pembe alikuwa na deni Unguja, na mtu pekee wa kumtetea mgeni huyo alikuwa balozi aliyefaidika na mambo yalivyokuwa.

Upande wa sultani nao haukubaki salama. Kila ikulu ilipohitaji fedha, ilikopa kwa mkodi wa forodha na kukatwa katika kodi ya mwaka uliofuata. Said alipofariki baharini mwaka 1856, ufalme uligawanyika. Uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko India, wa 1861 uliitenga Unguja na Oman, na ukamtaka sultani wa Unguja alipe Maskati dola 40,000 kila mwaka. Mzigo huo ulimwelemea Majid, mwana wa Said. Barghash, ndugu yake Majid, alipokalia kiti mwaka 1870 alikuta nyumba ya Jairam ikidai zaidi ya nusu milioni. Mtawala aliyekodisha mlango wake alikuwa anadaiwa na bawabu.

Watu kama shehena

Siwezi kuyaandika haya nikaishia kwenye pembe. Forodha ile ile ilitoza ushuru wa kila kichwa kwa watu waliotekwa bara na kuletwa kuuzwa, na huko nako sheria iliamua njia. Mkataba wa Moresby wa 1822, kati ya Uingereza na Seyyid Said, ulipiga marufuku kuwauzia Wakristo watumwa. Ule wa Hamerton wa 1845, ulioanza kutumika 1847, ulizuia kuwasafirisha kwenda Arabuni, lakini ukaacha ruhusa ya kuwasafirisha ndani ya milki ya sultani kati ya Kilwa na Lamu.

Angalia hiyo ruhusa ilifanya nini. Mikarafuu ilikuwa imekwisha kushika Unguja na Pemba, na mashamba yalitaka mikono, hasa wakati wa kuchuma. Watu ambao zamani wangeuzwa ng'ambo sasa walisukumwa kwenye mikarafuu. Sheria iliyosemwa kuwa ya kuubana utumwa ilisaidia kuusimika hapa hapa, na karafuu zilizochumwa na mikono hiyo zikaiongezea forodha mapato. Mpaka ulioandikwa kwa ajili ya huruma ulifuata vizuri mno mahitaji ya shamba. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza kuwaachia huru watumwa wao, maelfu ya watu, na kwa wale walioachiwa hilo lilikuwa kila kitu. Kwa mwenye shamba aliyekuwa raia wa sultani halikubadilisha neno. Uhuru wa mtu ulitegemea uraia wa anayemmiliki.

Tarehe 5 Juni 1873, akiwa ametishiwa kuzingirwa na manowari, Barghash alitia sahihi mkataba wa kuizima biashara hiyo ya baharini. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Kwa hesabu za forodha lilikuwa pigo baya kwa wakati mbaya, maana kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeilaza mikarafuu ya Unguja. Kwa hesabu nyingine yoyote, ilikuwa imechelewa mno.

Mkodi wa mwisho

Kisa hiki kwa kawaida humalizwa kwa kusema kwamba Wajerumani waliiteka pwani. Mimi nadhani namna walivyoingia inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu waliingia kwa mlango ambao ulikwisha kuwapo.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa, aliyemrithi Barghash mwezi mmoja kabla, alitia sahihi mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni ilipewa kusimamia pwani ya Mrima na kukusanya ushuru wa forodha kwa miaka 50, nayo imlipe sultani. Umbo la mapatano hayo lilijulikana Unguja kwa zaidi ya nusu karne. Mtu wa nje anachukua forodha, analipa kodi, bendera inabaki ya sultani. Ndivyo ilivyokuwa kwa Jairam, ndivyo ilivyokuwa kwa Taria Topan.

Tofauti ilikuwa kwamba Jairam hakuwa na serikali nyuma yake inayotaka nchi. Aliihitaji heshima ya sultani ili ushuru ulipwe. Alihitaji madiwani waridhike ili misafara ipite. Kampuni haikuona haja hiyo. Agosti 1888 watu wake walifika Pangani na askari wa manowari, wakataka bendera yao ipepee, wakamdharau liwali. Pwani ikawaka. Walioinuka pamoja na Abushiri bin Salim hawakuwa watu wa namna moja: walikuwamo Waarabu wenye mashamba, madiwani waliohofia ada zao, na watu wa kawaida waliochoka kuandikiwa mambo na watu wasiowaona. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, baada ya serikali ya Ujerumani kuleta jeshi.

Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa sultani marki milioni 4, na pwani yote kutoka mto Umba hadi Ruvuma ikawa yake moja kwa moja. Ndani ya kipande hicho kilikuwamo, kizima, kile kilichohifadhiwa na kifungu cha kumi cha 1839: Mtangata hadi Kilwa, na Pangani, Saadani na Bagamoyo katikati. Fedha zilikwenda kwa sultani. Madiwani wa Mrima hawakupewa fungu, na wachimbaji wa sandarusi hawakuulizwa.